Ngoma Isiyo na Mikono

Mombasa, Mji wa Kale
9 Aprili 1968

Kwa wifi yangu Masouda binti Marhoon, Matrah, Maskati.

Assalaam alaykum, na nyote wa nyumba hiyo. Sisi huku wazima. Paa linavuja palepale lilipokuwa likivuja mwaka jana, na chumba cha uani nimempangisha fundi cherehani, kijana hana mke hana mtoto, lakini kwa maneno ni sawa na mwenye wake wanne.

Shoga yangu Mahbuba kafika wiki iliyopita kutoka huko kwenu. Halwa uliyompa imenifikia nusu. Nusu ya pili sijui kaila njiani au kaigawa kwa watu, na sikumuuliza, maana alikuja na jambo jengine lililonisahaulisha halwa. Kasema kila Alkhamisi baada ya alasiri unapitiwa na landrova ya kampuni ya mafuta, unapelekwa kwenye nyumba za Wazungu, na siku hiyo kliniki imefungwa. Unatoka na mfuko mkononi. Unarudi kabla ya magharibi umelowa jasho, na unacheka peke yako garini. Nikamwambia, shoga, umeona au umeambiwa? Kasema kaona kwa macho yake mawili.

Sasa nakuuliza, wifi yangu, na unajua mimi si mtu wa dhana. Ndani ya mfuko mna nini?

Khabari za ndugu yangu Aflah ni zilezile. Hatujasikia kitu. Lakini mimi sijakata tamaa na wewe usikate. Nimesikia Ami yako Muslim anataka kukupeleka kwa kadhi, ati miaka minne ya kumsubiri mume aliyepotea kwenye yale mapinduzi ya Unguja imetimia. Muambie asifanye haraka. Huyo ni mtu, si mzigo uliopotea bandarini.

Wifi yako,
Sayyida binti Bakhit


Matrah
2 Juni 1968

Kwa wifi yangu Sayyida,

Waalaykum salaam warahmatullahi. Barua yako imenifikia baada ya wiki sita, na sijui ilikuwa wapi muda wote huo. Ami Muslim hajambo, isipokuwa kila akimaliza kahawa ananikumbusha hesabu ya miaka. Joto limeanza. Tunalala juu ya dari na magodoro tunayamwagia maji.

Mfukoni mna viatu. Nnajifunza kucheza ngoma ya Ireland.

Usikunje barua kwanza, soma. Ireland ni kisiwa jirani na Waingereza, na ukitaka kuwakasirisha watu wake waite Waingereza. Kuna mama mmoja wa huko, Bi Bridi, mke wa fundi wa mabomba. Anafundisha wanawake tu, ndani ya ukumbi wa kampuni, mlango umefungwa na mapazia yameshushwa. Tuko saba, na mimi ndiye pekee ninayevaa buibui nikitoka.

Nitakueleza nilivyoanza, ili usiletewe na Mahbuba. Ilikuwa Alkhamisi ya Februari. Asubuhi Ami Muslim alikuwa kesha nivalia kilemba, twende kwa kadhi nikaombe kuachishwa. Nikamwambia nipitie kliniki kwanza, kuna daftari la chanjo sijalimaliza. Uwongo. Daftari lilikuwa limekwisha. Nilikaa mle mpaka alasiri nikiogopa kurudi. Mara nikasikia kishindo kwenye ukuta tunaopakana na ukumbi wa kampuni, nikadhani watu wanahamisha makabati. Kwenda kuchungulia, wanawake sita wanarukaruka, mikono imenyooka ubavuni, nyuso kavu kama watu wanaosubiri kupigwa sindano. Bi Bridi akaniita niingie. Nikamwambia mimi mtu mzima, nna miaka thelathini na nne. Akasema, na sisi hatukuzaliwa jana.

Wifi, unajua tangu nitoke Unguja sijapiga hata kofi harusini. Mwanamke asiyejua mumewe yu hai au kafa hachezi ngoma, na mimi sikucheza. Lakini hii huku juu haionyeshi furaha wala huzuni. Shughuli yote iko miguuni, chini ya nguo. Nilipoiona nikasema, hii hata mimi naiweza.

Kwa kadhi sikwenda. Umefurahi?

Masouda


Mombasa
20 Julai 1968

Wifi yangu Masouda,

Salamu nyingi, na Mungu akupunguzie hilo joto. Sisi huku baridi na mvua za manyunyu, fundi cherehani kapata mafua na kanyamaza siku tatu, nikapumzika. Embe hakuna. Bakhit mdogo kaanza kutambaa, juzi kavuta kitambaa cha meza kaangusha vikombe vyangu viwili vyenye ukingo wa dhahabu, vile nilivyovikimbiza toka Unguja ndani ya mto wa sufi. Sikumpiga, mtoto hajui.

Sasa njoo kwenye hii ngoma yako. Lo! Mimi nimecheza lelemama miaka kumi na mbili, mstari wa mbele, na wewe ulikuwa ukija kunitazama. Lelemama ni mkono, bibi. Kiganja kinageuka hivi, kidole kinasema neno, na miguu inasogea tu ili usiote mizizi. Leo unaniambia kuna ngoma ya watu wazima wamesimama kama maiti wa wima, mikono imekufa, miguu ndiyo ina wazimu. Ngoma gani hiyo isiyo na mikono? Nimemuhadithia mtu hapa nyumbani, kacheka mpaka kakohoa.

Na nani anayepiga muziki? Hilo hukulisema. Muziki haujipigi. Na dereva wa landrova ni nani, wa kabila gani, ana umri gani? Mabomba ya huyo fundi yako wapi wakati mkewe anafundisha? Mwanamke harudi anacheka peke yake garini kwa sababu ya miguu yake mwenyewe. Niambie kama yupo mtu. Nakuapia sitakuhukumu. Niambie tu.

Viatu vyenyewe vina kisigino?

Sayyida


Matrah
15 Septemba 1968

Wifi yangu,

Nimeshukuru kwa barua. Ami Muslim amepata nguo uliyomletea, kaivaa Ijumaa mbili mfululizo. Tende mwaka huu nzuri, nitakupa mkebe kwa atakayekuja.

Muziki ni santuri. Siku ambayo sindano yake imevunjika Bi Bridi anaupiga kwa mdomo, didili-didili, maneno hayana maana yoyote, na anaweza kwenda nusu saa hapumui. Dereva ni mzee wa kijiji cha Yiti, ana meno manne na anasinzia kwenye usukani mpaka nitoke. Viatu vya wanaoanza havina kisigino, laini kama soksi ya ngozi, kamba zinapita juu ya mguu na kuzunguka kifundo. Vile vigumu, vyenye kishindo kama mitawanda yetu ya mbao ya chooni, hupewi mpaka ustahili. Mimi bado.

Umesema mikono imekufa. Ingekufa ningeshukuru! Mikono yangu ndiyo inayonitia aibu. Mguu ukiruka, mkono wa kulia unapanda wenyewe, kiganja kinageuka, Bi Bridi anapiga kelele, Masouda, mkono! Kanipa kokoto mbili, nifumbate moja kila mkono, nikiifungua inaanguka na wote wanasikia. Miezi mitatu nimekuwa mtu wa kuangusha kokoto. Magoti yananiuma, miundi ya miguu inawaka moto, na kulia na kushoto nimevijua utotoni nikavisahau uzeeni. Lakini Alkhamisi iliyopita nilienda hatua saba kwa upande, nikarudi saba, kokoto zote mbili mkononi. Ndiyo maana mtu hucheka peke yake garini.

Sasa na mimi nna swali moja. Bakhit mdogo ni mtoto wa nani?

Masouda


Mombasa
3 Desemba 1968

Wifi yangu Masouda,

Ramadhani njema. Naandika kwa haraka, sambusa ziko jikoni na mafuta hayamsubiri mtu.

Bakhit mdogo ni mtoto wa fundi cherehani. Umeniuliza nimekujibu.

Na wewe usinigeuzie maneno. Nimekuuliza kama kuna mwanamume, ukanijibu kokoto. Dereva wa meno manne, santuri, mapazia, yote umenipangia vizuri kama shahidi aliyefundishwa. Mtu mwenye jambo ndiye anayeeleza sana. Mimi mtu mzima, wifi. Mtu akikupenda huko, sema. Mimi ndiye nitakayezungumza na watu huku, wala hakuna atakayekusema vibaya.

Aflah bado hatujasikia kitu.

Sayyida


Matrah
1 Februari 1969

Kwa Bi Sayyida binti Bakhit,

Salamu. Ami Muslim mzima. Mimi mzima.

Barua zako zote ninazo, nimezipanga juu ya kitanda kwa tarehe na nimezisoma upya. Aprili uliniandikia kwamba fundi cherehani ni kijana hana mke hana mtoto. Julai una mtoto nyumbani anatambaa, anaangusha vikombe. Desemba mtoto ni wa fundi. Mimi ni mkunga, wifi. Mtoto wa kutambaa Julai alizaliwa kabla hujaniandikia barua ya Aprili.

Na jina. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliitwa Bakhit. Jina la babu kwenu hupewa mtoto wa mtoto wa kiume, na wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo nilipoingia nyumbani kwenu bibi harusi. Mlizaliwa wawili, wewe na Aflah. Wewe una miaka arubaini na nane na mumeo ni marehemu.

Jengine. Aprili na Desemba unasema hatujasikia kitu. Hujawahi hata mara moja kuandika Mungu amrejeshe. Kwa mtu aliyepotea miaka mitano, dada yake hamuombei? Kwa joto langu umeomba Mungu alipunguze, kwa vikombe umesikitika.

Na umeniuliza tena na tena kama nna mwanamume. Nilidhani unanidhania. Sasa naona unanitamania. Unataka niwe nimekosa. Kwa nini wifi yangu atake nikose?

Hii sitaki ijibiwe kwa sambusa. Aflah yuko wapi?

Masouda


Mombasa
30 Machi 1969

Masouda,

Sikuwa na uso wa kukujibu, ndiyo maana nimechelewa. Nimechana barua tano.

Aflah yuko hapa. Yuko hapa tangu Juni 1966. Kavuka kwa njia ya Tanga, kaja kakonda, kafikia kwangu. Wiki ya kwanza nilishika kalamu nikuandikie, akanizuia, akasema niache nitamuandikia mwenyewe, nitamfuata mwenyewe. Kwanza kasema kibali cha kuingia Maskati hakipatikani. Kisha kasema ana haya kuja mikono mitupu. Kisha ikawa haulizwi, ukimuuliza anatoka nje. Mwezi wa kwanza 1967 kamuoa Hamdiya, binti wa watu wa Lamu. Bakhit ni mtoto wao. Wanakaa chumba cha juu.

Wake wawili si haramu, najua utasema. Ila kawaambia wakwe zake kwamba wewe alikwisha kukuacha. Hakukuacha. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikamsikia akisema, nikatia sukari kwenye chai. Toka siku hiyo uwongo ukawa wangu na yeye.

Na mtu aliyecheka mpaka kakohoa ni yeye. Nilimsomea barua yako ya ngoma. Kisha akasema Masouda alikuwa na miguu mizuri. Nilimtupia mkeka.

Umesema nilitaka ukose. Kweli. Nilikuwa nikiomba kila Ijumaa huko kwenye ukumbi atokee mwanamume, hata huyo dereva. Ungekuwa umekosa, sisi tungekuwa tumelipana, na mimi ningelala usingizi. Kila barua nilifungua natafuta jina lake, nakuta kokoto.

Na nilikwambia usiende kwa kadhi, hilo kosa ni langu peke yangu, Aflah hakuniambia. Kadhi angekufungua, na ungekuwa si wifi yangu tena. Sikuzaliwa na dada. Nimekufunga kwa miaka ili nipate mtu wa kumuandikia barua. Nitukane, nakuomba, unitukane kwa marefu.

Sayyida


Matrah
11 Mei 1969

Sayyida,

Barua yako ilifika Jumatano. Alkhamisi nilikwenda darasani, maana nisingekwenda ningevunja kitu nyumbani kwa Ami Muslim. Siku hiyo tulipewa viatu vigumu. Mimi pia nilipewa. Nilipiga ile sakafu mpaka wenzangu wakasogea ukutani. Mikono yangu ilikuwa imepanda yote miwili, najua, lakini Bi Bridi hakupiga kelele. Nilipomaliza alinipa maji, akasema, leo ulikuwa unamkanyaga mtu. Nikasema ndiyo.

Matusi sina. Nimeyatafuta, yote ni madogo. Nna hasira na wewe kuliko na yeye. Yeye ni mwanamume mwoga, wako wengi. Wewe ulikaa ukiniandikia na mtoto wake yuko miguuni pako.

Miaka saba ya ndoa yetu hatukupata mtoto, na nikajilaumu mimi. Miaka mitano ya kungoja nikapita mbele ya harusi za watu kama mgonjwa. Nna miaka thelathini na tano. Nataka karatasi. Talaka, kwa khati yake, mashahidi wawili, tarehe. Ami Muslim ataipeleka mbele ya kadhi. Nisipoipata nitamuandikia baba yake Hamdiya.

Masouda


Mombasa
28 Juni 1969

Masouda,

Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Talaka moja, tarehe 24 Juni, mashahidi ni imamu wa mtaa na fundi cherehani. Hamdiya tumemwambia. Kalia siku mbili, wala hakulia kwa ajili yake, kalia kwa ajili yako. Ni msichana mwema, sikupata kulisema.

Aflah alitia saini akilia. Sasa lazima nikwambie alichosema, maana sitaki tena kukuficha hata unyoya. Alipofuta machozi kasema, nimetoa moja, sikutoa tatu, na mpaka eda yake ishe nafasi ya kumrejea ninayo. Mimi nilimwambia aone haya. Lakini namjua. Amezoea kuona kila kitu kinamsubiri.

Jihadhari. Salamu zangu, ukizitaka.

Sayyida


Mombasa
25 Agosti 1969

Masouda, dada yangu, kama sina haki tena ya kukuita wifi,

Salamu kwa Ami Muslim. Bakhit anatembea, anavunja vitu akiwa wima sasa. Fundi kahama, na sikudhani nitamkumbuka.

Barua hii Aflah haijui. Nimempa Mahbuba mwenyewe mkononi. Ni juu yangu. Chini ya ziwa la kushoto nna kitu kigumu kama kokwa la tende. Nimekificha, ndiyo tabia yangu, umeijua. Daktari kakiona juzi, kakasirika, kasema wakikate mwanzo wa Oktoba, na kasema pia maneno ambayo mkunga kama wewe angeyaelewa. Mimi sikumuuliza maana yake.

Nna khofu, Masouda. Mchana nikiwa peke yangu nafunga mlango, nasimama katikati ya chumba, najaribu ile ngoma yako. Usicheke. Au cheka. Nnashindwa. Sijui mguu gani unaanza, nilikaribia kuliangusha kabati. Mikono yangu inapanda, inataka lelemama. Lakini nikiwa najaribu sikifikirii kile kitu.

Niandikie zile hatua saba, kidogokidogo, kama mtoto. Mguu gani mbele, wapi panarukwa. Nataka niwe nimeiweza kabla sijaingia hospitali, wakinilaza pale niwe na kitu cha kuhesabu. Na usipotaka kunifundisha, nitumie karatasi tupu yenye jina lako. Nikiona khati yako itanitosha. Fanya upesi.

Sayyida


Matrah
3 Novemba 1969

Sayyida,

Salamu baadaye. Barua yako ya Agosti nimeifungua leo.

Ilinifikia tarehe 24 Septemba. Mahbuba aliileta hapa mlangoni, akaniambia isome, ni ya lazima, na mimi nikadhani katumwa na Aflah. Nilikuwa ndani ya eda. Ami Muslim kanihesabia tangu siku karatasi iliponifikia, mwanzo wa Agosti, kwa kuchelea makosa, na kanifahamisha kwamba kwa madhehebu yetu Aflah akinirejea ni lazima nijulishwe kabla eda haijaisha, nisipojulishwa nafasi imempita. Nikasema, basi mimi sitajulishwa. Bahasha yoyote kutoka Mombasa inaweza kuwa na lile neno moja, nimekurejea. Niliitia ndani ya kopo la mchele, nikaweka kopo juu ya kabati. Nikaifurahia akili yangu. Kila siku nililitazama lile kopo nikasema, Sayyida, safari hii hunipati.

Eda imekwisha jana. Leo asubuhi nimeoga, nimevaa, nimeteremsha kopo, nimefungua. Wiki tano na siku tano. Mwanzo wa Oktoba umepita, na wewe hukupata hata karatasi tupu.

Nimelia mpaka Ami Muslim kapanda juu akidhani nimerejewa. Nimemwambia bora ningerejewa. Mimi mkunga, nimesoma mstari wa kokwa la tende na nimeuelewa. Sijakusamehe, sitakudanganya, lakini sikukusudia kukuadhibu kwa hili. Hili nimelifanya kwa khofu tu, kama wewe yako. Dereva wa Yiti anangoja chini. Barua hii anaipeleka kwa rubani wa kampuni, inaondoka leo kwa ndege mpaka Bahrain, haitaingia mkononi mwa mtu anayekula halwa.

Sasa simama. Funga mlango, vua viatu, sogeza kabati.

Mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma yake, visigino juu, magoti yabanane. Shingo ndefu. Tazama ukutani, usitazame miguu, haikukimbii. Ruka kidogo sana juu ya mguu wa kushoto, kiasi cha kupitisha ukurasa wa karatasi chini yake, na wa kulia uinuke mbele. Hiyo ndiyo moja. Kisha nenda upande wa kulia. Wa kushoto nyuma, wa kulia upande. Wa kushoto nyuma, wa kulia upande. Wa kushoto nyuma, wa kulia upande. Hizo ni saba. Wa kushoto haupiti mbele hata ukitaka. Kila mtu siku ya kwanza anaupitisha mbele, mimi niliupitisha miezi miwili. Hesabu kwa sauti. Ukikosea usirudi nyuma kutafuta ulipokosea, maliza saba yako kwanza halafu uanze nyengine. Kurudi, geuza, wa kushoto mbele, mambo ni hayohayo.

Ukikuuma ubavu, pumzika. Kama huwezi kusimama, lala hivyohivyo ufanye kwa vidole viwili juu ya shuka. Kwa mgonjwa mikono inaruhusiwa, Bi Bridi nitamwambia mimi.

Nijibu wewe mwenyewe, kwa khati yako, hata mstari mmoja, hata uwe umepinda. Asinijibu mtu mwengine.

Wifi yako,
Masouda